Shangazi, baba mdogo anataka niache Uhusiano wa Kimataifa nisome forodha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa Makorora, Tanga. Nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya Siasa na Uhusiano wa Kimataifa, na sasa niko nyumbani likizo. Nimebakiza mwaka mmoja.

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, na tangu hapo baba mdogo ndiye anayetubeba. Bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, ninalipata, lakini halifiki mwisho wa muhula. Kodi ya chumba, nauli, hata kompyuta ninayoandikia barua hii, vyote vimetoka mfukoni kwake. Ana ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, yeye na vijana wawili.

Juzi aliniita baada ya magharibi, mama akiwepo. Hakunifokea. Aliniambia kwa upole niache kozi hii, nianze upya masomo ya forodha na kodi, ada atalipa yeye, na nikimaliza kiti changu kipo ofisini kwake. Kisha akaniuliza: "Ukimaliza hiyo siasa yako, utaitwa nani?" Shangazi, nilikosa la kusema. Anayesomea ualimu ataitwa mwalimu, anayesomea uuguzi ataitwa muuguzi. Mimi nilibaki naangalia mkeka.

Mama naye ana hofu yake. Kwake yeye siasa ni kesi, ni kukamatwa, ni mtoto wa watu kutafutwa usiku. Mtaani nako wakiniona wananiuliza udiwani nagombea lini. Nimechoka kueleza.

Na mwenyewe nimeanza kuyumba. Kozi hii niliichagua kwa mapenzi. Nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na tangu mdogo nilikuwa nakaa na marehemu baba kusikiliza habari za dunia redioni, yeye akinieleza nani anagombana na nani na kwa nini. Nilijiona nitakuwa balozi. Chuoni nimekuta nadharia: uhalisia, uliberali, umaksi. Tunasoma vita vya Wagiriki wa kale, tunasoma mikataba ya Ulaya ya mwaka 1648, yote kwa Kiingereza, na mtihani unataka nitaje fulani alisema nini na mwenzake alimpinga vipi. Somo la nadharia nimepata C. Sioni haya mambo yanamhusu vipi mtu wa Makorora.

Halafu nawatazama waliotutangulia. Kaka mmoja wa mtaani kwetu ana shahada kama yangu na anaendesha bodaboda. Mwingine yuko kwenye kibanda cha miamala ya simu. Siwadharau, wanakula jasho lao, lakini hawakwenda chuo kwa ajili hiyo.

Nikiacha, najua nitaumia. Nikiendelea, naogopa nitamaliza nirudi kuwa mzigo kwa mtu aliyenibeba miaka yote hii, naye atakuwa na haki ya kusema alinionya mapema. Nishauri kama mwanao.

Niliye Njia Panda, Makorora, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Mola amrehemu baba yako.

Usiache. Naanza na jibu kwa sababu najua ndilo unalolisubiri. Umebakiza mwaka mmoja, na mkopo uliokwisha kuutumia utaulipa, umalize au usimalize. Ukianza upya leo utakuwa na deni la kozi isiyo na cheti, na miaka mingine ya ada mbele yako. Lakini baba mdogo wako hakukosea kuuliza, na sipendi umchukulie kama mtu anayekuzibia njia. Anayelipa kodi ya chumba chako ana haki ya kujua analipia nini. Mimi nataka umalize shahada yako, na nataka pia umpe kitu katika hicho anachokuomba. Nitafika huko.

Swali lake kwanza. Ukweli ni kwamba shahada hii haimpi mtu jina la kazi, na waliokuacha uamini kwamba inaelekea moja kwa moja kwenye ubalozi hawakukutendea haki. Balozi anateuliwa na Rais. Maofisa wa mambo ya nje wanaajiriwa kwa usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi zikitangazwa ni chache, na wanaojitokeza hawatoki kozi yenu tu. Wanasheria wamo, wachumi wamo.

Watazame hao waliofika mbali. Salim Ahmed Salim alipelekwa kuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, akitokea kwenye harakati za wanafunzi na uandishi wa habari Zanzibar. Baadaye akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, ni mwanasheria aliyekuwa akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo ukienda na shahada ya uhusiano wa kimataifa peke yake, utasimama foleni moja na mtu mwenye sheria na mtu mwenye lugha tatu. Lazima uwe na kitu cha pili mkononi. Hao kaka zako wa mtaani siwezi kuwasemea, siwajui. Ila barua za wahitimu wa kozi hii ninazozipokea zinafanana: matokeo mazuri, na hakuna kazi moja mahsusi ambayo mwajiri angewakabidhi waifanye kesho yake.

Sasa hilo la nadharia, maana ndilo lililonigusa kuliko yote. Unasema huoni zinamhusu vipi mtu wa Makorora. Mwanangu, panda gari uende Chongoleani.

Pale ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwenye ardhi yetu. Mafuta yale yana nta nyingi, yanaganda, ndiyo maana bomba lazima lipashwe joto njia nzima mpaka baharini. Uganda haina bahari, na awali ilikuwa ikielekea kukubaliana na Kenya mafuta yapite kaskazini hadi Lamu. Aprili 2016 ikageuka, ikachagua Tanga. Kwa nini? Chukua daftari lako la nadharia ujibu hilo. Mtu wa uhalisia atakwambia kila nchi ilijitazama yenyewe: usalama wa njia, gharama za ardhi, na nani asiwe na mkono kwenye koo la mwenzake. Mtu wa uliberali atakuonyesha mikataba, ule wa serikali mbili wa mwaka 2017 na ule wa Tanzania na kampuni ya bomba wa mwaka 2021, na ataeleza namna nchi zinavyofungana ili kila mmoja apate hasara akivunja. Wa umaksi atakuuliza hisa ni za nani, nawe utamjibu: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, shirika letu la mafuta, TPDC, 15, kampuni ya mafuta ya China, CNOOC, 8. Kisha utafika Septemba 2022, Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kuupinga mradi kwa hoja za mazingira na haki za wananchi walioguswa na ardhi, na Kampala ikajibu kwa ukali kwamba huko ni kuingilia uhuru wa nchi. Uhuru huohuo wa nchi ndio unaousoma kwenye mikataba ya mwaka 1648. Umeona? Ukiandika insha ya namna hii, ukataja wanazuoni wako na ukawapima kwa bomba la Chongoleani, sidhani kama mwalimu atakuandikia C.

Au geuka upande wa pili, nenda Horohoro, mpakani na Kenya. Mstari ule ulikubaliwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, kuanzia mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Viktoria, wakauzungusha Kilimanjaro. Wadigo wakajikuta nusu huku na nusu kule Kwale, na hakuna aliyewauliza. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilizaliwa 1967, ikafa 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikaufunga mpaka na Kenya. Haukufunguliwa mpaka 1983. Waulize wazee wa Moa na Duga miaka ile walizikana vipi na ndugu zao wa upande wa pili. Hivyo ndivyo kuvunjika kwa mtangamano kunavyokuwa kwa watu wa mpakani, na vitabu vingi mnavyosomeshwa vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuvuka pale. Wewe unaweza kuwauliza hao wazee kwa lugha yao. Na ukitaka mkonge nao upo: mji wetu ulikua kwa bei ya singa katika soko la dunia, ukadhoofika nyuzi za plastiki zilipoingia. Hilo nalo ni somo zima la uchumi wa siasa, ingawa sitakaa nalo hapa.

Kuna jambo ninaloliamini kwa moyo wote, niruhusu nilitoe. Nchi hii ina watu wengi wa kuzungumza siasa na wachache wa kuketi na mkataba wa kurasa mia mbili wakausoma hadi kiambatisho cha mwisho. Bandari, gesi, bomba, madini, mikopo, ushuru, maisha yetu yamefungwa ndani ya maandishi hayo. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria inayoliwezesha kupitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti mabaya yajadiliwe upya. Sheria imo kitabuni, lakini wasomaji watoke wapi? Watoke kwenu, nyinyi mliosoma namna nchi zinavyobishana, namna mkubwa anavyomwandikia mdogo masharti, na namna mdogo anavyoweza kutafuta wenzake wakakataa pamoja. Kazi hiyo inahitaji Kiingereza kizuri cha kusoma, uvumilivu, na hesabu kidogo. Ukiweza kuchukua mkataba mmoja wa hadharani na ukauandikia muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ambao diwani au mwandishi wa habari ataelewa, tayari una kitu cha kumwonyesha mwajiri. Fanya hivyo likizo hii. Chukua itifaki ya soko la pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, iliyoanza kazi 2010. Inapatikana bure.

Kitu cha pili cha mkononi ni lugha. Umoja wa Afrika uliikubali lugha yetu iwe ya kazi mwaka 2022, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, waliipokea 2019, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 ikaja na Kifaransa chake. Mtu anayekwenda kutoka Kiswahili hadi Kifaransa bila kukwama atatafutwa Arusha na Addis Ababa. Kiarabu pia ni njia, na wewe kama umepitia madrasa herufi unazo. Kilichobaki ni kujifunza kuzungumza na kuandika barua rasmi, jambo ambalo kusoma msahafu peke yake hakukupi. Chagua moja. Kuchagua zote mbili kwa mwaka wa mwisho ni kujidanganya. Ukishahitimu, Chuo cha Diplomasia pale Kurasini kinafundisha lugha pamoja na diplomasia, na kiliundwa 1978 na Tanzania na Msumbiji kwa ajili ya watu kama wewe.

Haya, forodha. Baba mdogo wako anadhani kazi yake na kozi yako ni dunia mbili, na wewe umekubali haraka mno. Sheria ya forodha anayoitumia kila siku si ya Tanzania peke yake, ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Ushuru anaomkokotolea mteja hukubaliwa na mawaziri wa nchi wanachama; mwaka 2022 waliongeza daraja la ushuru la asilimia 35 juu ya lile la 25, na bila shaka analikumbuka vizuri kwa sababu wateja walimlalamikia yeye. Mwulize nani alikuwa mezani kwa niaba yetu, alikuwa anamlinda nani, na nani alishinda. Mtakesha. Huo ndio uhusiano wa kimataifa, na katika nyumba yenu yeye ndiye mwenye uzoefu nao.

Kwa hiyo mwombe jambo moja: likizo hii na zinazofuata akupokee ofisini ujifunze nyaraka. Tamko la forodha, hati ya kupakilia mzigo, cheti cha uasili kinachoonyesha bidhaa ilizalishwa wapi, vyote. Kipo pia kile cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, ambacho hapa kwetu kinatolewa na Chuo cha Kodi. Unaweza kukichukua ukishamaliza shahada, na kiti chake ofisini hutakuwa umekikataa. Na utafiti wako wa mwaka wa tatu ufanyie Horohoro. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na hahitaji wakala. Basi kwa nini bado wapo kina mama wanaopita njia za panya? Hawajui? Wanaogopa? Kuna kinachowazuia ambacho sheria haikukiona? Swali hilo lina thamani kwa mamlaka ya mapato, kwa halmashauri, kwa sekretarieti ya Jumuiya na kwa mashirika yanayoshughulika na biashara ya wanawake. Ukilijibu vizuri, siku ya usaili utakuwa na la kusema ambalo wenzako hawana.

Mama usimbishie. Hofu yake haijatoka hewani, na usimwambie siasa haina hatari, maana hatakuamini na atakuwa sahihi. Mweleze tu unachokifanya: unasoma namna serikali zinavyoendeshwa na namna nchi zinavyopatana, kama mwingine anavyosoma sheria, na kadi ya chama chochote hailazimishwi na mtihani wowote. Akiona uko ofisini kwa shemeji yake asubuhi na jioni uko na vitabu, utulivu utamjia kidogo kidogo. Kwenye mtandao, andika kile unachoweza kukithibitisha na ambacho hutaogopa mama akisomewa. Hao wa udiwani waachie, watachoka.

Na nadharia uirudie. Kabla ya chuo kufungua, soma mada mbili tu zilizokushinda, na kila moja uiandikie ukurasa mmoja kwa Kiswahili kama unamweleza marehemu baba yako pale redioni, kisha uigeuze kuwa Kiingereza. Wengi mnaanguka kwa sababu mnakariri maneno ya Kiingereza kabla wazo halijaingia.

Kuhusu fedha, usimwachie baba mdogo mzigo bila ukomo. Mwambie unaomba mwaka mmoja wa masomo, na baada ya hapo mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa ofisini kwake, unamfanyia kazi kweli, unalipwa anachoweza. Omba nafasi serikalini, uhamiaji, kwenye kampuni za meli, kwenye vyombo vya habari, kokote wanakotaka mtu wa kusoma na kuandika taarifa. Mwaka huo ukiisha bila kupata, mtakaa tena mzungumze kama watu wazima. Mpe ahadi hiyo kwa maandishi ukitaka. Watu wa bandarini wanaheshimu karatasi.

Nenda kwake baada ya magharibi kama alivyokuita yeye, mama awepo, na usianze na balozi. Anza na ile asilimia 35.

Shangazi yako